Kuta Zetu Ziko Karibu, Nani Anazilinda?

Ukiwa kijana wa Shinyalu, orodha yako ya kutembea tunaijua. Msitu wa Kakamega, mafahali wakipigana asubuhi na mapema, na lile jiwe linalolia pale Ilesi. Ukimaliza hizo unasema kwetu hakuna kitu kingine, unaanza kuota Lamu na nauli huna.

Ngoja kwanza. Kuna kuta za kihistoria unaweza kuzifikia kwa matatu. Nikupangie, halafu tuulizane swali moja gumu.

Anzia Kisumu. Kutoka Shinyalu panda boda hadi Khayega, hapo shika matatu ya kushuka Kisumu. Makumbusho ya Kisumu yako wazi tangu 1980, na ndani kuna Ber-gi-Dala, boma la Kijaluo lililojengwa upya kwa ukubwa wake kamili: nyumba ya mke wa kwanza, ya pili, ya tatu, maghala na zizi la ng'ombe. Najua utasema hiyo ni ya kuigiza tu. Ni kweli, lakini ndiyo inakufundisha kusoma boma: nani alilala wapi, na kwa nini ng'ombe wako katikati.

Ukitoka hapo ukiwa na hiyo picha kichwani, endelea Migori. Lala huko, usijidanganye kwamba utaenda na kurudi siku moja. Asubuhi nenda Thimlich Ohinga, kama kilomita 46 kutoka mjini. Zile ni kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, inakadiriwa tangu karne ya 16. Mahali pengine zinapita kimo cha mtu mara mbili. Milango ni mifupi, lazima uiname, na ukiinama ndio unaelewa: adui akiingia, kichwa kinatangulia. Aliyefika hapo bila kupitia Kisumu huona mawe. Wewe utaona nyumba za watu.

Beba kitambulisho, maana Mkenya halipi sawa na mgeni, na uwe na pesa kwa simu. Vaa viatu vya kutembea. Na tafadhali, usipande juu ya ukuta eti unapiga selfi. Hakuna saruji pale, jiwe moja likitoka linavuta mengine.

Safari ya pili ni fupi zaidi. Kutoka Kakamega mjini panda gari la Webuye, uende kilima cha Chetambe. Hapo mwaka wa 1895 Wabukusu walijifungia ndani ya ngome ya udongo yenye handaki, wakapigana na jeshi la Waingereza lililoongozwa na Hobley. Upande mmoja ulikuwa na bunduki ya Maxim. Matokeo tulisoma shuleni, tukajibu kwenye mtihani, tukasahau. Wengi wetu hatujawahi kusimama pale, na ni karibu kuliko Kisumu kwa wengine wetu.

Sasa swali. Thimlich iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2018. Chetambe haimo. Jiwe huvumilia, lakini udongo unaisha kila mvua ikinyesha, kila jembe likisogea. Kwa hiyo kile kinachohitaji ulinzi wa haraka ndicho kina jina dogo.

Na usiseme serikali tu, uliza ipi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imegawa kazi: kumbukumbu za kale na za kihistoria zenye umuhimu wa kitaifa ni za serikali kuu. Makumbusho, shughuli za kitamaduni na utalii wa mashinani ni za kaunti. Maana yake ni kwamba gavana na MCA wako hawawezi kukutuma Nairobi kila ukiuliza. Wakija kutafuta kura 2027, waulize bajeti ya mambo hayo ni ngapi na imefanya nini.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sikukuletei lekcha. Lakini nimeona nyumba ya nyasi ya kukhu ikibomolewa tujenge ya mabati, na hakuna hata mmoja wetu aliyepiga picha. Nyumba ya mabati haivuji, sitaki turudi nyuma. Ila leo mtoto wa dada yangu akiniuliza boma la Waisukha lilikaaje, ninamchorea kwa kidole kwenye vumbi, na sehemu zingine nakisia.

Ber-gi-Dala ipo kwa sababu kuna watu waliamua kukumbuka mapema, wakati wazee wa kuulizwa bado walikuwapo. Wako bado wapo? Basi kabla hujapanda hiyo matatu, keti nao jioni moja, washa simu urekodi. Hiyo haina nauli.