Ultrasaundi si ya Wajawazito Peke Yao

Watumishi wengi wa umma wakisikia neno ultrasaundi hufikiri mara moja juu ya kliniki ya wajawazito. Fikra hiyo si kosa, bali ni finyu, na ufinyu wake unawagharimu wagonjwa.

Tuchukue mfano wa upasuaji wa kurefusha taya. Tangu miaka ya 1950 huko Kurgan, katika Muungano wa Kisovieti wa wakati ule, Dakta Gavriil Ilizarov alionyesha kwamba mfupa uliokatwa ukivutwa polepole huota mfupa mpya katika pengo. Mwaka 1992 Dakta Joseph McCarthy na wenzake wa New York walitangaza kwamba wamerefusha kwa njia hiyo taya za watoto waliozaliwa na taya fupi. Taya huvutwa kwa chombo cha chuma, kwa kawaida milimita 1 kwa siku, kisha chombo huachwa kwa wiki kadhaa ili mfupa ukomae.

Hapo ndipo penye swali zito: chombo kitolewe lini? Kikitolewa mapema, mfupa mchanga hupinda au huvunjika. Kikichelewa, mgonjwa hubeba mzigo usio wa lazima pamoja na hatari ya maambukizo. Eksirei haioni vizuri mfupa ambao haujapata madini ya kutosha, na kumpiga mtoto picha mara kwa mara ni kumwongezea mionzi. Ultrasaundi haina mionzi hiyo. Mawimbi yake ya sauti hupenya pengo lililo laini. Mfupa ukikomaa huyarudisha, na kwenye kioo cha mashine huonekana mstari mweupe ulioungana.

Isidhaniwe kwamba tunaibeza eksirei. Ultrasaundi haioni kilicho nyuma ya mfupa mgumu, wala haitoi jibu la kuaminika katika mikono isiyofundishwa.

Na hapo ndipo sisi tunapohusika. Vijana wetu wengi huvunjika taya katika ajali za pikipiki, na mashine hizo zimo katika hospitali zetu nyingi. Kinachohitajika ni ujuzi. Hapana budi wanaopanga bajeti watenge fedha za mafunzo sambamba na fedha za mashine. Na mwalimu afundishapo mwangwi darasani, amwonyeshe mwanafunzi kwamba somo hilo huponya watu. Chombo bila ujuzi ni pambo, na hospitali hazijengwi kwa ajili ya mapambo.