MKATABA WA FUNDI NA HERUFI ZAKE NDOGO



Imekuwa ada ya watu wetu, wa Visiwani na sisi tulio huku bara, kupatana na fundi kwa ulimi, kumpa arubuni, na kumwachia Mwenyezi Mungu yaliyobaki. Siku hizi mafundi wanakuja na karatasi zilizopigwa chapa, na watu wanazifurahia kwa kudhani kuwa karatasi ni amana. Sisi tunasema kwamba karatasi isiyosomwa ni ya khatari kuliko ulimi, kwani ulimi waweza kubishaniwa mbele ya wazee, lakini sahihi yako utaikanaje?

Tunaandika haya kutoka Itiryo, wilaya ya Tarime, tulikofungua duka. (Wapemba wasishangae wakisikia kwamba wilaya hii inayo kata iitwayo Pemba, karafuu hatujaziona.) Jirani yetu mmoja alitengenezewa paa. Mbele ya karatasi iliandikwa bei kwa herufi nene. Nyuma yake, kwa herufi za kuumiza macho, yaliandikwa mambo matatu: kwamba bei yaweza kupanda kwa kadiri ya bei ya vifaa, kwamba bati litakuwa “la kawaida”, na kwamba fundi hatadaiwa uvujaji wowote baada ya siku 14. Kazi ilikwisha wakati wa kiangazi. Masika yalipoingia, siku 14 zilikuwa zimepita zamani, na bati likaonekana kuwa la geji 30, ilhali mwenyewe alidhani amelipia geji 28. Asiyejua na ajue: hesabu ya geji inavyozidi kuwa kubwa, ndivyo bati linavyozidi kuwa jembamba.

Jirani alighadhibika, akataka kwenda mahakamani. Tukamwuliza: Je, ulilazimishwa? Akasema la. Ulidanganywa? La, ila hakuuliza. Sheria ya Mikataba ya bara, ya mwaka 1961, ambayo kwa sehemu kubwa imefuata ile ya Uhindi ya mwaka 1872, inampa mtu nafasi ya kuutangua mkataba ikiwa ridhaa yake ilipatikana kwa nguvu au kwa hadaa. Lakini sheria hiyo hiyo haimsaidii aliyefichwa jambo kwa kunyamaziwa tu, hali alikuwa na njia ya kuligundua kwa uangalifu wa kawaida. Na kugeuza karatasi upande wa pili, ndugu zetu, ni uangalifu wa kawaida kabisa.

Wala msidhani kuwa ni ujinga wa watu wetu peke yetu. Mwaka 1934 mahakama ya Uingereza ilimhukumu bibi mmoja mwenye mkahawa, L'Estrange, aliyenunua mashine ya kuuzia sigara ikamharibikia. Aliambiwa kwamba maandishi madogo katika karatasi aliyoitia sahihi yaliondoa dhamana yote, na kwamba kutoyasoma si hoja. Ilipofika mwaka 1977 Waingereza wakatunga sheria ya kupunguza ukali huo.

Sasa tuwageukie ndugu zetu wenye nyumba za Mji Mkongwe, maana kwao neno moja dogo laweza kuangusha ukuta. Nyumba zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti. Mkataba ukisema tu “vifaa vinavyofaa”, fundi atapiga lipu ya saruji, kwa kuwa saruji ni ya haraka. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta, na ukuta wa chokaa unataka kupumua. Baada ya miaka michache lipu hubanduka pamoja na jiwe lake. Basi liandikwe neno CHOKAA, wazi. Iandikwe pia ni nani atakayetafuta ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi, na ni nani atakayelipa ukuta ukimwangukia jirani. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Likiwa jumba la Sayyid Barghash limefikwa na hayo, mwenye nyumba ya vyumba vinne atajiaminisha kwa lipi?

Wako wanaojitetea kuwa karatasi huja kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2021 Bunge limekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama; fundi asiyetaka kuandika Kiswahili na aulizwe anaficha nini.

Tuliosoma chuoni twaijua aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Sura ya Baqara. Yahusu kuandika deni. Inataka mwandishi mwadilifu na mashahidi, na inataka mwenye kubeba deni ndiye aseme yaandikwe nini. Naye akiwa hawezi, msimamizi wake amsemee. Kwa hiyo asiyeona vizuri, au asiyejua kusoma, hana haya yoyote kumleta mwanawe au jirani amsomee mbele na nyuma, fundi akiwapo na mashahidi wawili wakisikia.

Na fedha zilipwe kwa kadiri kazi inavyokwenda: msingi kwanza, kuta zikifuata, kisha paa, na sehemu ya kumi ibaki mkononi mwa mwenye nyumba mpaka masika mamoja yapite juu ya bati lile.