Mtaji wa hisa ufike hadi Kabimba

Kabimba, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa mji wa Kalemie, inajulikana kwa simenti yake. Lakini kijana wa hapo mwenye wazo la programu ya simu, tuseme ya kupanga mizigo ya boti kati ya Kabimba, Kalemie, Moba na Kigoma, atatoa wapi pesa ya kuanza? Mkopo unaanza kudaiwa kabla hajapata mteja wa kwanza. Msaada wa mashirika unaisha mradi unapoisha. Anayekosekana ni mtu wa kuweka pesa, kuchukua hisa na kusubiri miaka, naye biashara ikianguka apate hasara pamoja na mwenyewe.

Kwingine watu hao wametoka ndani ya kazi ya programu yenyewe. Huko Marekani, Marc Andreessen alishiriki kuandika programu ya Mosaic, iliyotolewa mwaka 1993. Mwaka 2009 alianzisha pamoja na mwenzake kampuni ya kuwekeza katika biashara changa. Karibu na sisi, Erik Hersman, mmoja wa waanzilishi wa Ushahidi (2008) na iHub ya Nairobi (2010), aliungana mwaka 2012 na Mtanzania Mbwana Alliy na Paul Bragiel kuanzisha Savannah Fund.

Mtu aliyeandika programu kwa mikono yake hadanganywi na maneno matamu. Anajua kazi gani inachukua wiki moja na ipi mwaka mzima. Lakini ujuzi huo hautoshi. Kompyuta haitamwambia kama mwenye boti atakubali kulipa, au kama mama anayeuza ndagala ana simu yenye intaneti. Hayo yanajulikana bandarini, na anayeyajua vizuri ni mtoto wa hapa.

Kwa hiyo mwito huu unawahusu mainjinia wa Tanganyika walioko Lubumbashi, Kinshasa na Ulaya. Pesa wanazotuma kwa ajili ya matanga, karo na hospitali zinaokoa watu, na ziendelee. Lakini kumi wakiungana wakaweka fungu dogo la kununua hisa, watakuwa wamefanya jambo ambalo benki haijafanya.

Vijana nao wajifunze hesabu kabla ya kutia sahihi. Savannah Fund ilianza kwa kutoa dola 25,000 kwa kampuni changa na kuchukua asilimia 15 ya hisa. Maana yake, kampuni hiyo ikiuzwa baadaye kwa dola milioni moja, na hisa hazijabadilika, dola 150,000 ni za mwekezaji. Si wizi, ni bei ya kubeba hatari. Lakini anayetoa nusu ya kampuni siku ya kwanza atabaki mfanyakazi katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Wengine watasema hakuna atakayeweka pesa mashariki yenye vita na barabara mbovu. Wasahau basi kwamba Nuru, kampuni ya umeme wa jua iliyojenga mtambo wake Goma, ilipata zaidi ya dola milioni 40 za wawekezaji mwaka 2023?

Sheria nayo ipo. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na tarehe 8 Septemba 2022 ilipata sheria ya kukuza ujasiriamali na biashara changa. Mwaka huohuo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kigoma iko ng'ambo tu ya ziwa. Wakubwa wa jimbo wahakikishe kijana wa Kabimba anaweza kuandikisha kampuni Kalemie bila kuzungushwa na bila bahasha.

Wazee walisema mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Nguvu Kabimba inazo. Waliotoka hapa wakafanikiwa waje sasa wawe washirika wake.