Umri wa marubani: Miaka miwili haizibi pengo

Soko la marubani nchini Marekani lilibana sana mwaka 2022, hata mashirika yanayohudumia miji midogo yakaegesha ndege kwa kukosa wa kuzirusha. Dawa iliyopendekezwa ikawa kupandisha umri wa kustaafu kutoka miaka 65 hadi 67. Baraza la Wawakilishi liliipitisha mwaka 2023, lakini sheria iliyotiwa saini Mei 2024 iliacha 65 palepale.

Ilikuwa busara. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) hazimruhusu rubani aliyezidi miaka 65 kurusha ndege ya abiria kati ya nchi na nchi. Na wazee ndio wanaorusha ndege kubwa za ng'ambo, zenye mshahara mnono. Akibakizwa, mzee huyo itabidi ahamishiwe safari za ndani, afundishwe ndege nyingine kwa gharama ya shirika, na kijana aliyekuwa akingojea kiti hicho aendelee kungoja.

Tena mashirika yenyewe yalichangia uhaba huo. Mwaka 2020, korona ilipofukuza abiria, makampuni makubwa yaliwalipa marubani wakongwe ili wastaafu mapema!

Umri ulipotoka 60 kwenda 65 mwaka 2007, ICAO ilikuwa imetangulia mwaka 2006. Ombi la 67 lilifika ICAO mwaka 2025, likakataliwa. Fedha za kuwafundisha upya wazee zingefaa zaidi kuwasaidia vijana kutimiza saa 1,500 za kuruka, ambazo kwa kawaida hudaiwa Marekani kabla ya ajira.