Anayemtaka mwanao hatakutoza dola 3,000

Najua nimepotea wiki mbili hizi. Sababu ya kwanza ni kazi. Ya pili ndiyo nataka kuimwaga hapa leo: nimegombana na dada yangu, na tumegombana kwa ajili ya mpira. Tena si mpira wetu ule wa Simba na Yanga. Ni huu wa Wamarekani, mpira wenye umbo la yai, ambao watu wanakimbia nao mkononi wamevaa helmeti na wanagongana kama mbuzi dume.

Dada yangu anaishi hapa Texas, nje kidogo ya Dallas. Usiku anahudumia wazee, mchana analala saa nne, tano, kisha anaamka kupika. Mwanawe wa kwanza ana miaka 17 na yuko mwaka wa tatu wa sekondari. Anachezea timu ya shule, na kila Ijumaa usiku yuko uwanjani. Kama hujawahi kufika Texas huwezi kuelewa Ijumaa hizo. Mji wa Allen, hapa hapa jirani, una uwanja wa sekondari uliofunguliwa mwaka 2012 kwa gharama ya dola milioni 60, unaoingiza watu 18,000. Narudia, uwanja wa SEKONDARI. Mtoto akikimbia mbele ya watu hao na jina lake likatajwa kwenye spika, lazima aanze kuota. Na mama yake naye anaota.

Hapo ndipo walipoingia wenye biashara yao.

Kampuni moja, sitaitaja jina, ilimpigia simu dada. Wakamwambia wameona video ya kijana, ana "nafasi kubwa sana" ya kucheza chuo kikuu, hata Daraja la Kwanza. Kilichobaki ni kumtangaza tu. Watamtengenezea video nzuri, watamfungulia ukurasa, watawatumia makocha mamia ya barua pepe. Bei ni dola 3,000, na akilipa wiki hii anapunguziwa kidogo. Dada akaanza kuhesabu zamu yake ya kupokea mchezo wa akina mama wenzake. Akanipigia: "Mdogo wangu, wewe si mwandishi? Hebu niulizie hawa watu."

Nikawapigia. Nikauliza maswali matatu tu. Kocha gani wa chuo amemwona kijana huyu na kuuliza habari zake? Katika vijana mliowachukulia pesa mwaka jana, wangapi walipata ufadhili wa mpira? Asipopata chuo, mnarudisha pesa? Jamaa alikuwa mchangamfu sana mpaka swali la pili. La tatu alinijibu kwamba "inategemea juhudi za mtoto". Sawa. Kama inategemea juhudi za mtoto, dola 3,000 ni za nini?

Jamani tuongee kwa namba, maana kwa hisia tutaibiwa mpaka tukome. Kwa hesabu za NCAA wenyewe, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya hapa, wavulana wanaocheza mpira huu sekondari ni milioni moja hivi. Wanaofika kuucheza katika vyuo vya NCAA ni kama saba katika kila mia. Wanaofika Daraja la Kwanza hawafiki watatu katika mia. Kwa hiyo mtu akikuambia mwanao ana "nafasi kubwa" ya Daraja la Kwanza, anakuambia kwamba kati ya vijana 100 wa aina yake, huyu ni mmoja wa wale watatu. Mwulize amejuaje. Kama hana jibu, anakuuzia maneno.

Na nafasi zenyewe zinabana. Tangu Oktoba 2018 kuna orodha ya uhamisho, ambayo mchezaji wa chuo akitaka kuhama anajiandikisha humo. Tangu 2021 wanaruhusiwa kuhama bila kukaa nje mwaka mzima. Sasa jiweke kwenye viatu vya kocha ambaye asiposhinda msimu huu anafukuzwa. Atamchukua mtoto wa miaka 18 wa kumlea miaka miwili, au mwanaume wa miaka 22 ambaye ameshacheza chuo na mwili umekomaa? Halafu mwaka 2025 ikaja hukumu ya kesi ya House. Vyuo vya Daraja la Kwanza vilivyoingia kwenye makubaliano hayo sasa haviruhusiwi kuzidisha wachezaji 105 kikosini. Zamani ufadhili uliishia kwa 85, lakini timu kubwa zilibeba hata watu 120, hao wa ziada wakijilipia masomo. Mlango huo wa uani, ambao watoto wengi wa kawaida walipitia, umekuwa mwembamba. Muuza ndoto hakumwambia dada yangu hata moja kati ya haya.

Sasa mtasema, "Wewe unakatisha tamaa tu, tuambie basi kijana anapimwaje." Haya. Mimi si kocha, ila nimekaa na makocha wawili wa sekondari na baba wa kijana mmoja aliyefanikiwa, nimeuliza mpaka wamenichoka.

Kwanza ni mwili, na mwili hauna huruma. Mpwa wangu ana futi 5 na inchi 10, kilo 84. Anacheza lainibeka, yaani mlinzi wa safu ya pili, yule anayesimama nyuma ya majitu ya mbele na kumkamata atakayepenya. Anakaba vizuri, haogopi mtu. Lakini fungua orodha ya wachezaji wa chuo chochote kikubwa, zipo wazi kwenye intaneti, utaona wengi wa nafasi hiyo wana futi 6 na ushee na kilo mia na ushee. Shika kidole, shuka jina moja moja, mtafute anayelingana na mwanao. Ukimkosa katika vyuo kumi vya Daraja la Kwanza, fungua vya Daraja la Pili, halafu vya Tatu. Utakapoanza kuwaona wenye mwili wake, hapo ndipo soko lake lilipo. Kazi hiyo ni ya jioni moja, na ni bure.

Pili, nani anaongea? Makaratasi ya kualikwa kwenye kambi za mazoezi si mwaliko. Yanatumwa kwa watoto wengi mno, na mwisho wa barua kuna bei. Kocha anayemtaka kijana kweli anampigia kocha wake, anafika shuleni, anauliza alama zake, na akiwa na nia hasa anamwalika chuoni na chuo ndicho kinacholipa nauli, chakula na malazi. Angalia pesa inaelekea wapi. Anayemtaka mwanao anatoa pesa yake, na anayekutaka wewe ndiye anayeiomba yako. Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tatu, na hapa ndipo nilipopandwa na hasira kabisa, ni darasani. Ili ucheze mwaka wa kwanza Daraja la Kwanza unatakiwa uwe umemaliza masomo ya msingi 16 kwa wastani usiopungua 2.3 kati ya 4. Daraja la Pili ni 2.2. Tena kwa Daraja la Kwanza, kumi kati ya hayo 16 yawe yamekamilika kabla ya kuanza mwaka wa mwisho wa sekondari, na saba kati ya hayo kumi yawe ya Kiingereza, hesabu au sayansi. Si kila somo la shule linahesabika. Mpwa wangu alikuja nchi hii na miaka 12, akapita madarasa ya kufundishwa Kiingereza ya wageni. Nikamwomba cheti chake cha maendeleo, tukahesabu wote mezani. Ana masomo saba yanayohesabika. SABA! Na aljebra aliyofeli mwaka jana hajairudia. Yaani hata kocha wa chuo kikubwa angeshuka kutoka mbinguni kesho, angegota kwenye aljebra. Na yule jamaa wa dola 3,000 hakuuliza hata mara moja mtoto anasomaje!

Nikamwambia dada haya yote. Alinyamaza, kisha akasema: "Una wivu na mwanangu."

Wadau, hilo neno liliniuma. Lakini namwelewa. Mama aliyefanya zamu za usiku miaka mitano anajua ada ya chuo hapa ni kiasi gani. Kwake mpira ndiyo ada. Ukimwambia mpira haupo, anasikia chuo hakipo. Hawa wenye kampuni wanalijua hilo vizuri, na wanachouza hasa ni dawa ya woga huo.

Halafu kuna sisi wenyewe. Kanisani, kwenye harusi, kwenye misiba, kijana akipita tunampiga begani: "Huyu ndiye atatutoa!" Hatujui nafasi anayocheza, hatujui anachofeli, tunajua jezi tu. Sifa hizo hazitugharimu kitu, lakini yeye zinamgharimu. Mtoto aliyeambiwa kila Jumapili kwamba ni staa atarudia aljebra kwa sababu gani?

Najua nitakayojibiwa. "Mbona J.J. Watt alipewa nyota mbili tu?" Kweli. Tovuti za kupima vijana zinagawa nyota mpaka tano, na Watt alikuwa na mbili. Aliondoka Central Michigan mwaka 2008, akaingia Wisconsin akijilipia masomo, kuna wakati alisambaza piza kupata hela, na mwaka 2011 Houston Texans wakamchagua wa 11. "Na Josh Allen?" Kweli pia. Alitoka kijiji cha wakulima cha Firebaugh, California, hakuna chuo kikubwa kilichomtaka, akaanzia chuo kidogo cha Reedley, akaenda Wyoming, na mwaka 2018 Buffalo Bills wakamchukua wa saba. Hadithi nzuri sana. Ila tunazikumbuka kwa sababu ni chache. Na angalieni ndani yake: wote wawili walikua mpaka futi 6 na inchi 5. Na Allen barua pepe kwa makocha alituma mwenyewe, akiwa Reedley. Hadithi hizi zinapinga wale wanaomhukumu kijana kwa nyota peke yake, na hapo mimi nazikubali. Haziwatetei wanaotoza pesa.

Sisemi mpwa wangu hana nafasi, elewa hapo. Nafasi anayo, ila si ile aliyouziwa. Daraja la Tatu lina vyuo zaidi ya 200 vyenye timu za mpira huu. Havitoi ufadhili wa michezo, lakini vinatoa msaada kwa alama nzuri na kwa uhaba wa kipato. Serikali nayo ina Pell Grant, iliyofika dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025-26 kwa wenye kipato cha chini, na fomu yake ya FAFSA haina malipo. Kuna Daraja la Pili, kuna vyuo vya miaka miwili. Huko kijana wa futi 5 na inchi 10 anayekaba kweli kweli anaweza kuvaa jezi na kutoka na digrii. Lakini huko anayefungua mlango ni aljebra.

Mtu akiniambia namvunja moyo mtoto, namjibu hivi: ukweli akiwa na miaka 17 unamwachia mwaka mzima wa kurekebisha. Akiusikia na miaka 19, mchezo umeshaliwa na mama yuko kazini usiku bado.

Nilimwuliza mpwa wangu swali moja tukiwa wawili. Je, ukivunjika mguu wiki ya kwanza usicheze tena, chuo hicho bado utataka kukaa? Alifikiri sana. Akasema: "Anko, hakuna mtu amewahi kuniuliza ninataka kusoma nini." Anataka kuwa mtu wa tiba ya viungo, wale wanaowashughulikia wachezaji walioumia.

Tumechagua vyuo 12. Ameandika barua mwenyewe kwa Kiingereza chake, akaweka video aliyoikata mwenyewe kwenye simu, dakika tatu. Makocha wawili wamejibu mpaka leo, wote wa Daraja la Tatu. Mmoja ameomba atumiwe alama kabla ya kitu chochote. Mtoto amejiandikisha kurudia aljebra majira ya joto.

Dada bado hapokei simu zangu. Lakini jana mwanawe ameninong'oneza kwamba zile dola hazijalipwa bado, mama anasema "anafikiria". Na mimi nasubiri.

Mwenye mtoto au mpwa aliyefuatwa na watu wa aina hii, kabla hujatoa hata senti, waulize yale maswali yangu matatu.

Nawasilisha.