Kodi ya nyumba haitaleta kazi Bengamisa

Anayeandika kwamba kodi ya nyumba na viwanja ipandishwe katika jimbo la Tshopo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ati wafanyabiashara wanaimudu, hajawatazama wa Bengamisa, jimboni humo. Duka la huko ni chumba cha kupanga, rafu ya sabuni, chumvi na betri, na kijana mmoja wa kupakua mizigo. Mwenye nyumba akiongezewa kodi, pango nalo linapanda. Mwenye duka hawezi kuwapandishia bei ya chumvi wakulima wa muhogo. Anayeondoka kwanza ni yule kijana.

Msingi wa kodi hii ni sheria ya tarehe 10 Februari 1969, inayotazama ukubwa wa jengo, aina yake na daraja la mahali. Haiulizi duka limeuza nini. Mvua ikiharibu barabara ya Kisangani, mji mkuu wa jimbo, na lori likakwama matopeni, kodi iko palepale.

Jimbo linahitaji fedha, hilo sibishi, na Katiba ya 2006 inalipatia haki ya kutoza kodi hii. Lakini ibara ya 175 ya Katiba hiyohiyo inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, yakatwe palepale yanapokusanywa. Serikali kuu ya Kinshasa haijaitekeleza inavyotakiwa. Kwa nini pengo hilo lizibwe na muuza chumvi?

Waheshimiwa wabunge wa jimbo, idaini kwanza Kinshasa. Kisha waandikisheni wenye majengo makubwa ya Kisangani wasiolipa, kabla ya kumwongezea mzigo anayelipa tayari.