Gunia la nguo chafu



Kila mara vyuo vinapofunguliwa, twawaona vijana wa parokia zetu wakitoka Walungu, Kabare na Idjwi kwenda kupanga vyumba Bukavu. Familia huwaandalia godoro, sufuria, unga wa muhogo na fedha za masomo. Jambo moja husahaulika, hasa kwa wavulana: hakuna aliyewafundisha kufua nguo. Wengi huona kwamba hilo si neno. Sisi twaona kwamba ni neno kubwa, na yafaa tueleze sababu.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Tulipokwenda kusomea ualimu, tulikuwa na desturi ya kurudi nyumbani kila baada ya majuma mawili tukiwa na gunia la nguo chafu. Ijumaa jioni tulilitua uani. Jumapili tulivaa shati jeupe kwenda Misa, na mengine tukayabeba yakiwa yamekunjwa vizuri. Hatukuuliza ni nani aliyeyafua. Mwishoni mwa mwaka, mdogo wetu wa kike alileta buletini yake. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba mtoto huyu hukosa mara nyingi masomo ya Jumamosi. Baba alimkemea. Mama alinyamaza. Mtoto naye alinyamaza, akainamisha macho. Ndipo tulipofahamu kwamba Jumamosi zile alikuwa mtoni na mashati yetu. Tulikuwa tukijiandaa kufundisha watoto wa watu, kumbe tunamnyima darasa mtoto wa kwetu.

Wako watakaosema kwamba kufua ni kazi ya wanawake, na kwamba ndivyo wazee walivyotuachia. Sivyo kabisa. Wakati wa ukoloni, maboi waliofua na kupiga pasi katika nyumba za Wabelgiji walikuwa kwa sehemu kubwa wanaume. Penye mshahara, mikono ya mwanamume iliweza kazi hiyo. Mbona pasipo mshahara ikawa kazi ya dada?

Wengine watasema: “Nitamlipa mtu anifulie.” Hatukatai, kazi ya kulipwa ni riziki ya mtu. Lakini asiyewahi kuinama juu ya beseni hajui thamani ya kazi hiyo, naye hubishana na mama mfuaji kwa ajili ya noti moja iliyochakaa. Tena, siku fedha zinapokwisha, hubaki na shati linalonuka. Wahenga walisema: mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Basi, kijana, jifunze. Tenga nguo nyeupe na za rangi, na nguo mpya ya rangi ifuliwe peke yake mara za kwanza. Loweka kwanza, kisha sugua kola, kwapa na pindo za mikono, kwani ndipo uchafu hushika. Suuza hadi maji yatoke bila povu, maana sabuni iliyobaki hukakamaza nguo na kuwasha ngozi. Maji ya javeli ni kwa nguo nyeupe za pamba tu. Usiyachanganye na dawa nyingine ya kusafishia, kwani huweza kutoa hewa yenye sumu. Maji ya mwisho ya kusuuzia yatumie kupigia deki, kwa kuwa kuna aliyeyabeba mgongoni akipanda mlima. Wala usimwage povu ziwani pale wengine wanapochota.

Anika kwenye kamba juani, usitandaze majanini. Yuko nzi katika nchi zetu anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa kivulini. Funza wake huingia katika ngozi na kufanya jipu. Pasi yenye moto, ikipitishwa pande zote mbili hata kwenye mishono, huyaua mayai hayo. Na majira ya mvua, fua nguo chache mara nyingi, kuliko kulimbikiza rundo ambalo halitakauka na litaota ukungu.

Twapendekeza kwa vikundi vyetu: katika kambi ya likizo, kabla vyuo havijafunguliwa, kila mmoja afue nguo zake mbele ya wenzake, wavulana kwa wasichana, na anayejua amwelekeze asiyejua pasipo kumcheka. Nanyi wazazi, gunia la nguo likifika nyumbani, mrudishieni mwenyewe pamoja na kipande cha sabuni.

Mdogo wetu yule leo ni mama wa watoto, na wanawe wa kiume hujifulia sare zao wenyewe. Hajawahi kutulaumu. Lakini tangu siku ile ya buletini tumefua nguo zetu kwa mikono yetu, nasi twajua kwamba Jumamosi zile hatuwezi kumrudishia.